Mlima wa Chumvi Kwenye Kalenda ya Mama

Enzi zetu, kalenda ikishatundikwa ukutani haikutoka. Mwaka ungeisha, mwingine ungeingia, nayo ingebaki pale pale juu ya redio, maana nani angetupa picha nzuri? Kwetu Mwankoko tulikuwa na moja ambayo mama alipewa na mtawa wa zahanati. Ilifunguliwa ukurasa wa Septemba, na Septemba ndipo ilipokaa, kwa sababu picha ya mwezi huo ilizishinda zote: nyumba ndefu zimejipanga kando ya mto, moja ya waridi, moja ya njano, moja ya kijani, na nyuma yake mlima mkubwa, mweupe kileleni. Basi nyumbani kwetu ilikuwa Septemba miaka yote. Nilianza shule Septemba, nikaugua tetekuwanga Septemba, na jogoo wa Krismasi tulimchinja Septemba. Mgeni akiuliza leo tarehe ngapi, mama alimwelekeza kwa jirani.

Sasa ninyi mliokulia karibu na ziwa mtanielewa. Kiangazi kikikaza, maji ya ziwa yalirudi nyuma na kuacha ukoko mweupe ufukweni. Mama, dada yangu Rehema na mimi tulikwenda asubuhi kuukwangua. Tuliukoroga kwenye maji, tukauchuja, mama akachemsha mpaka sufuria ikabaki na chumvi. Migongo iliuma, vidole vilichubuka, na upepo wa Singida, ambao haujawahi kumwonea mtu huruma, ulitujaza ule unga machoni. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda wenye chumvi yetu wenyewe, tukalala kama magogo.

Kwa hiyo tulipoutazama ule mlima wa kalenda, hatukuwa na la kubahatisha. Kitu cheupe juu ya ardhi ni chumvi. Mama alikuwa akiutazama huku anasonga ugali, anasikitika kabisa. "Wenzetu hawa chumvi iko mlimani," alisema. "Hata kuinama hawainami. Wanasimama tu wanakwangua." Rehema na mimi tulipanga safari. Tungekwenda na punda wa babu na magunia mawili, tukirudi mama asiende tena ziwani. Tulifanya mazoezi ya kupanda kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba, magunia mgongoni, tukaishia kuchana kaptula yangu ya shule. Kipigo cha kaptula ile kilimfika hata Rehema, ambaye hakuwa na kaptula.

Kisha nikafika darasa la nne. Mwalimu wa jiografia, kijana aliyetoka mbali huko, akauliza kile cheupe kilicho juu ya milima ya Ulaya ni nini. Nilinyoosha mkono mpaka nikainuka kwenye dawati. "Chumvi, mwalimu!" Darasa zima la watoto wa kando ya ziwa likanipigia makofi. Mwalimu akashika kichwa. Akaandika ubaoni THELUJI, akasema ni barafu inayoanguka kutoka mawinguni. Barafu tuliijua: ile nyekundu ya kwenye mfuko iliyouzwa siku ya mnada. Tukamwonea huruma mwalimu wetu.

Nyumbani nilimweleza mama. Akaacha mwiko kwenye sufuria. "Huyo mwalimu wako amewahi kufika huko?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kaoge."

Kesi ikabaki wazi hivyo, na mimi nikakua, nikaoa, nikafungua mashine ya kukamua alizeti mjini, nikapata mvi na wajukuu.

Mama bado yupo, Mungu amemtunza, anakaa na Rehema pale pale Mwankoko. Lakini kumbukumbu zake zimeanza kumtoka. Mwaka mzima sasa hanijui. Nikiingia anadhani mimi ni mjomba Petro, kaka yake mkubwa ambaye tulishamzika. Anainuka kwa adabu zote, anasema, "Shikamoo, kaka." Mama yangu mzazi ananiamkia mimi! Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliitikia "marahaba". Rehema anamjua, hata mbuzi anawajua. Ni mimi tu ambaye amenipoteza, na nilikuwa tayari kufanya lolote ili aniite jina langu, Daudi, hata mara moja.

Ndipo binti yangu Neema, anayesoma Austria, aliponialika nikamtembelee, akaniambia tutakwenda siku mbili kutalii mji mmoja wa zamani wa milimani uitwao Innsbruck. Akanitumia picha kwenye simu. Nilisimama katikati ya mashine zangu za alizeti. Waridi, njano, kijani, mto, mlima. Septemba yetu! Nikajiambia, nikisimama pale na mama akaniona, huo mlima utamkumbusha mimi ni nani.

Utalii wa vijana wa siku hizi ni kazi ngumu. Enzi zetu ukitembelea mahali unakaribishwa ndani, unakalishwa, unakula, unaulizwa habari za ng'ombe. Neema alinipitisha mitaani mbio mbio simu ikiwa mbele, sisi nyuma, kama watu wanaomfuata mganga. Chakula kikija hakiliwi mpaka kipigwe picha, kikishapoa ndiyo unaruhusiwa. Niliwasalimu wazee niliokutana nao, wakaniangalia kama nimewaomba kitu. Nilimwona mbwa amevaa koti zuri kuliko langu. Tukaenda kuona paa la dhahabu ambalo Neema alilisifia tangu kwenye treni. Mimi nilitegemea jengo zima linawaka. Kumbe ni kibaraza tu cha ghorofani, kimeezekwa vigae vinavyong'aa. Nikamwambia kwa heshima kwamba fundi wetu wa bati pale stendi angewatengenezea kikubwa zaidi. Akaniomba niongee polepole, ingawa Kiswahili pale tulikuwa tunakijua sisi wawili.

Siku ile mlima ulikuwa umejifunika mawingu, hivyo simu kwa mama ilibidi ingoje. Lakini tulipanda juu kwa kile kichumba kinachoning'inia kwenye waya. Nilifumba macho na kusali sala zote za kipaimara. Tulipofika nilipiga magoti, watu wakanipisha wakidhani naabudu, nikachota kiganja kizima cha theluji nikatia mdomoni. Mwalimu alikuwa sahihi. Haina chumvi hata chembe. Nilihisi kama nimesalitiwa.

Kesho yake kukapambazuka kweupe. Tukaenda darajani, nikajipanga nyumba za rangi zikiwa begani na mlima kichwani, Neema akampigia Rehema kwa picha. Kwanza tuliona bati. Kisha tukaona sikio la mama, kubwa, limejaa kioo kizima, maana simu kwake ni kitu cha sikioni. Rehema akaigeuza, na uso wa mama ukatokea, kichwa kimefungwa kilemba chake cha bluu.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Mama, tazama mlima," nikasema. "Ule wa kalenda. Nimeonja. Siyo chumvi, mama."

"Mama, si unauona?" Rehema akamsaidia. "Ule wa juu ya redio!"

Mama alikuwa anatazama, lakini si mlima. Alisogeza uso mpaka nikaona jicho moja tu, akakunja sura kwa namna niliyoiogopa utoto wangu wote.

"Wewe Daudi! Mbona masikio yako wazi kwenye baridi yote hiyo? Unataka yatoke tena usaha? Utalia usiku kucha, na mimi mafuta ya kondoo nitayatoa wapi saa hizi?"

Neema akaniuliza masikio yangu yana nini. Nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba niliugua masikio nikiwa mdogo, kwamba mama alikaa nami gizani akinidondoshea mafuta ya uvuguvugu, kichwa changu kikiwa mapajani mwake. Mlima haukuwa na faida yoyote kwake. Alikuwa ametunza masikio yangu. Nililia pale darajani mbele ya watalii, na wengine nadhani walinipiga picha.

Neema akavua kofia yake ya sufu, ile yenye kishada cha pinki juu, akanivalisha na kuivuta mpaka shingoni. Mama alinikagua upande huu na upande huu.

"Haya," akasema. "Sasa nenda kacheze."

Rehema akaniambia baadaye kwamba jioni aliuliza kaka Petro amekwenda wapi. Siyo neno. Enzi zetu ukiambiwa kacheze na mama hukungoja mara ya pili. Ulishatoka mlangoni tonge likiwa bado mdomoni, na hakuna aliyekuuliza unakwenda wapi. Siku hizi watoto ndio wanaotuonyesha njia, na Neema alikuwa ameshanishika mkono, ananivusha barabara, ananiambia nisikimbie.