Shimo Nililosema Nimelipima

Mwaka 1977, nikiwa na miaka ishirini, baba alifariki, nikaanza kazi ya kuzibua mashimo ya maji machafu hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Fundi wa serikali alinituma niyapime yote kwa mti, ajue lipi lipanuliwe. La hospitali nililifikia Ijumaa, nimeshavaa kanzu ya kwenda kuswali. Niliogopa najisi, sikufungua mfuniko.

“Hili lina nafasi, kamarada,” nikamwambia fundi, kama tulivyoitana sote baada ya uhuru.

Masika yalipofika, shimo likafurika hadi kwenye kisima cha mtaa wetu. Shangazi yangu akanijia na ndoo: “Baba, si ulisema umepima? Umetunywesha nini?”

Leo nina nyumba ya mawe niliyojenga mwenyewe, minazi thelathini, mbuzi sita, na choo nilichokichimba mbali na kisima.