Jalada Safi la Atupele

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyosifiwa kazini asubuhi, na kufika mchana natamani ardhi ipasuke nijifiche humo.

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii mchanga hapa Tukuyu, kama wewe sasa, ila sisi tulijaza fomu kwa kalamu, hivi vishikwambi vyenu havikuwapo. Na mwandiko nilikuwa nao, usicheke. Mashauri ya watoto waliowekwa kwa walezi wa kambo yalikuwa mikononi mwangu, na katika kabati zima hakuna majalada yaliyopangika kama yangu. Kila ziara ina tarehe yake, kila kisanduku kina alama ya vema. Siku hiyo walikuja wageni kutoka mkoani kupima ubora wa kazi yetu. Wakafungua jalada la mtoto mmoja aitwaye Atupele, wakawapitishia wenzangu waone kazi inavyofanywa. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Bi Zainabu, mama wa mtaa wa Makandana hapa hapa mjini, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na cherehani yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wageni walipoondoka alilichukua jalada lile lile, akaniuliza, "Atupele analala chumba gani?"

Nikamwambia, chumba cha watoto.

"Kitanda chake kiko upande gani?"

Nikanyoosha mkono kulitaka jalada. Akachukua mwavuli wake, akasema, "Twende Kinyala," kijiji alichokaa Atupele.

Hapa nikueleze jambo ambalo nyinyi mliokulia mjini mnalifanyia mzaha. Mlezi wa Atupele, mwenye nyumba ile, alikuwa mdogo wa baba mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyelelewa vizuri alikuwa haonani uso kwa uso na baba mkwe wala na ndugu zake, wala haingii nyumba walimo. Mimi nilikuwa mke mpya, na nilitamani sana kusifiwa ukweni. Basi kila ziara niliishia kwenye migomba. Mama wa nyumba ananiletea kigoda na ndizi za kuchoma, Atupele anatolewa nje na sare yake iliyofuliwa, tunasalimiana, naandika: nyumba imekaguliwa, malazi yanafaa, afya nzuri. Kukohoa alikuwa anakohoa. Nilimsikia, nikajiambia ni baridi yetu ya Rungwe, nani asiyekohoa huku?

Siku ile pia miguu yangu ilisimama yenyewe kwenye migomba. Bi Zainabu hakusema kitu, alipiga hodi akaingia. Baada ya muda alitoka amemshika Atupele mkono. Mtoto wa miaka minane, mwanangu, na ukimsogelea unasikia kifua kinavyokoroma. Alikuwa analala jikoni, juu ya magunia kando ya kuni, kwenye moshi. Chumba chake kilijazwa viazi wakati wa mavuno, ikasemwa ni kwa siku chache tu, na siku zikapita. Hawakuwa watu wabaya. Walimlisha, walimpeleka shule, walimwita mtoto wao. Walijisahau, na mimi niliyetumwa kuwakumbusha nilikuwa nje nakula ndizi.

"Mbona hukuniambia unalala jikoni?" nilimuuliza.

"Mama, hukuniuliza," alisema, wala hakuwa na hasira.

Nililia pale pale mbele ya mama wa nyumba. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, na daktari akasema ni nimonia, tena kwamba tungekawia siku chache zaidi asingeweza kutuahidi kitu.

Tulipotoka wodini nilikuwa nasubiri kuambiwa nikabidhi ofisi. Bi Zainabu akasema, "Sikulaumu kwa kumheshimu mkweo. Ungekuja ukaniambia, mama, nyumba ile siwezi kuingia, ningekwenda mimi au angekwenda mwenzako. Lakini wewe uliandika umekagua."

Kesho yake nilikaa mbele yake nikaandika jaladani, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, kwamba nyumba ile sikuwahi kuingia. Shauri akapewa mwenzangu. Viazi vilihamishiwa sebuleni, na nasikia mkwe wangu aliyabeba magunia mwenyewe.

Atupele leo ni mama mtu mzima, yuko Kyimo na watoto wake. Akipita Tukuyu haendi bila kuniletea maziwa ya mgando, na mimi ndiye ninayeambiwa, "Ndaga fijo, mama," asante sana. Naona aibu kuipokea shukrani hiyo, lakini naipokea. Halafu namshukuru Mungu, na namshukuru Bi Zainabu huko aliko, maana sifa za wageni zilikuwa zake pia, na angeweza kukaa nazo akanywa chai.

Kwa hiyo, mwanangu, wakija kupima kazi yako, usiwaonyeshe kishikwambi tu. Waombe wachague jalada moja, wamfuate mtoto mwenyewe nyumbani, walinganishe anachosema na ulichoandika. Ingia mpaka anapolala. Zungumza na mtoto mlezi akiwa mbali kidogo, na akikohoa, muulize, usimjibie. Ukishindwa kuingia, iwe ni kwa mila, kwa mbwa au kwa mvua, andika hukuingia, na useme mapema ili aende anayeweza. Kisanduku kitupu kitamtuma mtu kwenye nyumba ile. Nilichojaza mimi kwa uongo kilimzuia kila mtu asiende.

Mungu akubariki katika kazi hii, akupe miguu yenye nguvu na masikio ya kusikia watoto. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mkubwa wa kazi atakayekwenda kumwona mtoto kabla hamjachelewa, kama alivyonipa mimi.