Kiti Kimefika Salama

Konda wa Hiace ya Iyula kwenda Vwawa ana adabu mpaka inamwagika. Tangu arudi semina ya kuwahudumia abiria walemavu, fulana aliyopewa huko haijapumzika, na namba ya simu ya Restuta, abiria wake asiyeweza kutembea, ameihifadhi, maana semina ilisisitiza. Leo Restuta ana miadi ya hospitali. Konda akampa shikamoo mbili, akambeba, akamkalisha taratibu kwenye benchi la stendi, kisha akakigeukia kiti chake cha magurudumu. Kanuni yake ni moja: mizigo kwanza, watu baadaye. Vidole vyake vinene vyenye grisi vikakifunga kiti kwenye keria kwa mpira, mafundo manne, akakitikisa, akakifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. "Hiki hakidondoki, mama!" Halafu watu wakaingia, wakajaa. Konda akagonga bodi mara mbili, akaning'inia mlangoni, gari likaondoka, na magurudumu ya Restuta yakizunguka kule juu kwa raha zake. Baada ya saa nzima, simu ikaita pale kwenye benchi.

"Shikamoo tena, mama. Kiti kimefika salama. Njoo ukichukue."