Tyubu Tano, Bila Nyeusi

Mwalimu wangu wa kwanza wa uchoraji aliniibia baba. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Alifundisha Jumamosi sebuleni kwake mtaa wa Nabuyonga, mjini Mbale, nami nilikuwa nikikaa mtaa wa Nkoma kwa shangazi. Baba alikuwa askari jela Jinja. Nilikulia kwenye nyumba za askari, na Kiswahili ndicho kilichokuwa chetu. Mwalimu hakukipenda, kama wengi kwetu waliokisikia kwanza midomoni mwa wanajeshi.

"Lugha ya bunduki hiyo," aliniambia mbele ya wenzangu. "Binti wa afande, wewe kapake milango ya jela."

Nilivumilia kwa sababu nilitaka kujifunza. Siku moja nikampelekea kichwa cha baba nilichokichora kwa penseli, anisahihishe. Akakaa nacho. Miezi miwili baadaye nilikikuta ukutani kwenye ukumbi wa kanisa, kimenakiliwa mstari kwa mstari kwa rangi za mafuta, jina lake chini. Baba alipokuja kututembelea nikampeleka akione.

"Huyu ni mimi?" aliuliza. "Mbona nimekufa?"

Kweli, pale pichani alikuwa amekufa. Mwalimu alikuwa na kanuni moja: ngozi yetu ni kahawia na nyeusi, basi. Nikaapa nitamchora baba upya, nimtundike ubavuni mwa maiti yule.

Sikuwa nimewahi kushika rangi za mafuta. Mpangaji wa shangazi, dereva wa malori kutoka Kenya, alikubali kuniletea kutoka Nairobi.

"Mimi si duka, dada," alisema. "Taja tyubu tano."

Wiki nzima nilichagua nikimtazama shangazi, maana yeye na baba ni uso mmoja. Nyeupe, lazima. Manjano, lakini ile iliyofifia kama udongo, kwa sababu ile kali inapiga kelele. Nyekundu iliyoiva, ya masikio na midomo. Kahawia nzito. Ya tano ilinisumbua mpaka nilipomwona shangazi akianika nguo: kwenye paji la uso wake anga lilikuwa limelala. Buluu.

"Na nyeusi?" dereva akauliza. "Mzee wako ni mweusi kama mimi."

"Ndiyo maana siitaki."

Likizo nikaenda Jinja, baba akakaa barazani nimchore. Michanganyiko ya kwanza ilikuwa tope tupu. Kisha nikakutanisha buluu na kahawia, kikatoka kiza kirefu chenye uhai, kiza cha chini ya kidevu cha baba hasa. Nilipaka kwa chuki. Kila tabaka lilichukua siku kukauka, na chuki yangu ilijua kungoja.

Katekista alikubali kuitundika picha yangu pale nilipotaka. Jumapili, watu walipotoka ibadani, mwalimu aliisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Umetumia nyeusi gani?"

"Sina nyeusi."

"Usinidanganye."

"Sina, Mwalimu."

Alingoja nimweleze. Maneno mawili tu yangemtosha. Nikayameza, yakawa matamu kooni. Wiki iliyofuata, picha yake ilikuwa imeondolewa, na nilisikia kwamba hakuchora tena uso wa mtu, alichora milima tu. Sijajuta hata siku moja.

Baba aliichukua yangu, akaitundika juu ya redio. Alilalamika kwamba masikio nimeyakuza mno.