Mtulinga wa Baba

Baba yangu alivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, wiki tatu kabla ya Idi ya kuchinja. Aliteleza kwenye sakafu ya bucha lake, kule mtaa wa Asiatique, akiwa amebeba paja la ng'ombe. Kwa kuwa hakutaka nyama iguse chini, aliacha bega lake litangulie. Daktari alimfunga mkono wa kulia kwa kitambaa cha shingoni, akamwambia asiunyanyue wala asishike kisu kwa wiki sita. Baba alimshukuru sana, akamwombea dua, kisha njiani kurudi nyumbani kwake Buyenzi akaniambia kwamba yule daktari bado ni mtoto mdogo.

Hapo ndipo vita vyetu vilipoanza. Kila Idi, tangu kabla sijazaliwa, ni yeye anayewachunia na kuwakatia majirani mbuzi wao. Mimi, binti yake, nafundisha biolojia shule ya sekondari, naishi mtaa mwingine, Mutanga Sud, na nilijua kwamba mfupa ule ukitikiswa kabla haujashika utaunga vibaya, na mkono hautanyanyuka tena kama zamani. Mwenye bucha asiyeweza kunyanyua mkono kutundika nyama hana bucha. Nilimwambia hivyo waziwazi. Akanijibu kwamba nimesoma sana.

Basi kila nikitoka kazini nikawa napita kumchunga. Siku moja nilimkuta uani ameondoa kitambaa, anajaribu kuifikia ndoano tupu iliyoning'inia juu, jasho linamtiririka. Nilimfokea baba yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Halafu aibu ikanishika, nikafanya kitu pekee ninachokiweza: nikaanza kufundisha.

Nilimwambia kwamba mkono wake, bawa la popo, bawa la kuku na mguu wa mbele wa mbuzi, vyote vimejengwa kwa mpango mmoja. Mfupa mmoja juu, miwili ikifuata, halafu vifupa vya kiganja na vidole. Hapo kale sana wanyama hao walikuwa ukoo mmoja, kisha kila mmoja akabadilika polepole, kizazi hadi kizazi, kulingana na maisha yake. Vidole vya popo vikarefuka. Mbuzi alibaki na viwili vya kutembelea, tena anatembea kwa kucha, na kile tunachokiita goti lake la mbele kwa kweli ni kifundo cha mkono.

"Kwa hiyo mi na mbuzi ni ndugu?" baba aliuliza.

"Wa mbali sana, baba."

"Apana. Fundi ni Mungu, na fundi muzuri habadilishe ramani kila siku. Endelea."

Nikaendelea. Mtulinga, nilimwambia, ni kama kijiti kinacholiweka bega mbali na kifua, ili mkono uweze kwenda juu na pembeni: kukwea, kuchuma, kutundika nyama. Mbuzi hana. Mkono wake unakwenda mbele na nyuma tu, umeshikwa kwenye kiwiliwili kwa nyama peke yake. Ndiyo maana yeye haumii pale alipoumia baba.

Baba alifikiri kidogo. "Ile nilijua mbele uzaliwe," akasema. "Mukono ya mbuzi inatoka na kisu tu."

Alikubali nimfunge tena kitambaa, lakini hakuniahidi lolote, na mimi namjua.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, jirani alituchinjia mbuzi wetu uani, akamtundika kwa miguu ya nyuma. Baba akatokea ameshika kisu kwa mkono wa kushoto, na kitambaa cha mkono wa kulia keshakilegeza. Nikamnyang'anya kisu. Mwanamke kukata mbuzi wa Idi mbele ya wanaume si jambo la kila siku Buyenzi, na wanaume waligeuka wakatutazama.

"Mi nitakata," nikasema. "We sema tu."

Kuchuna kulinichukua muda wa aibu, na ngozi ilitoka na matundu. Kisha nikafika kwenye mkono wa mbele. Mimi, ambaye nimelichora bega lile ubaoni miaka nenda miaka rudi, nikaanza kutafuta kiungo cha kukata. Nilipapasa, nikachomeka ncha ya kisu, nikagonga mfupa, nikasukuma kwa nguvu zote. Baba alicheka mpaka akajishika bega kwa maumivu.

"Mwalimu! Unatafuta mulango pahali hakuna ukuta! Si we ndiye ulinifundisha? Vuta mukono inje, pitisha kisu katikati yake na mbavu."

Nikauvuta, nikapitisha kisu. Nyama iliachia taratibu, na mkono mzima, pamoja na bapa lake la bega, ukabaki mikononi mwangu. Safari hii kisu hakikugusa mfupa hata mara moja. Nilipiga kelele ya furaha. Maneno yale nilikuwa nimeyasema darasani mara nyingi mno, lakini nadhani sikuwa nimeyaamini mpaka siku ile. Nilimpenda sana baba yangu saa ile, na kicheko chake, na ubishi wake wote.

Tukiwa bado tunacheka, mzee wa nyumba ya pili akaingia akimvuta mbuzi wake kwa kamba, kama afanyavyo kila mwaka. Akamuuliza baba kama ataanza kwake sasa hivi au angoje.

Baba alimtazama yule mbuzi. Akautazama mkono wake. Niliona vidole vyake vikikunjuka na kujikunja ndani ya kitambaa.

"Muulize huyu," akasema hatimaye, akinielekezea kidevu. "Mi mwaka hii siwezi."

Kwa wiki tatu nzima nilikuwa nimeyapigania maneno hayo. Nikamwambia mzee amlete mbuzi, nikaenda nyuma ya pipa la maji kuosha kisu, nikalia huko peke yangu. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema hawezi.