Waya wa Kwenda kwa Lesieli

Waya wenyewe ulikuwa umeshafika kwa Lesieli. Kelepi aliupitisha ndani ya bomba la plastiki, hatua ishirini na tatu kutoka kibanda chake hadi sebuleni kwa dada yake, maana nguruwe wa visiwa vya Vava'u hutafuna chochote kilicholala chini. Vilivyobaki vilikuwa vichwa, vile vipande vya chuma vya mwisho wa waya vinavyoshika spika. Hapo ndipo alipokwama, yeye aliyefanya kazi ya umeme miaka thelathini.

Umeme haukuwa tatizo. Lesieli alikuwa amerudi kutoka Auckland, mjane, baada ya miaka arobaini, na ombi lake lilikuwa moja tu: kuisikia sauti ya baba yao. Sauti hiyo ilikuwa kwenye mkanda uliorekodiwa penye duara la wanywaji wa kava, kile kinywaji cha mizizi, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Mashine ya kuucheza ilikuwa moja, nzito kama gunia la viazi vikuu, na Kelepi peke yake ndiye aliyejua kuibembeleza. Lakini kwa mila ya visiwani kaka na dada hawaketi chumba kimoja kusikiliza nyimbo za mapenzi, na mzee alizitunga hizo kama wengine wanavyopiga miayo. Ndiyo sababu ya waya. Kila mmoja kwake, na baba katikati.

Alianza na vichwa vya uma, akavilehemu, akavikaza kwa koleo nyuma ya spika ya Lesieli siku ambayo mwenyewe alikuwa sokoni. Binamu yake Hopoate, aliyekuja kuazima jembe akasahau kuondoka, alimtazama.

"Umefunga spika au mashua?"

"Chumvi ya hapa haichezi. Waya mtupu unageuka kijani msimu mmoja. Hivi nitazikwa navyo."

"Basi tutachimba shimo pana."

Jumamosi alasiri akaucheza mkanda. Nyimbo mbili za mabaharia zilipita vizuri. Wa tatu ulikuwa ule ambao baba alimtungia mama yao, shingo yake na mashada ya maua yaliyoilalia. Kelepi alichungulia dirishani, akamwona Lesieli amesimama barabarani na mwavuli, akijifanya anangoja basi. Jumamosi alasiri hakuna basi. Naye hakuweza kuizima mashine. Kuizima hapo ni kutangaza kwamba ameyasikia maneno.

Mkewe Melenaite, aliyebeba mazungumzo ya nyumba hizo mbili kila siku, alirudi na ripoti.

"Wifi hana neno. Anasema alivuta waya, haukutoka."

"Alivuta?"

"Kwa mikono miwili. Umemfunga dada yako kwenye wimbo kama mbuzi, mzee wewe. Nyumba ni yake, masikio ni yake."

Jumatatu Kelepi alivifungua vichwa vya uma. Alifikiria kuacha ncha tupu zinazobanwa na springi. Hizo zingetoka upesi, lakini zikigusana tu, amplifaya kwaheri. Mwishowe akachukua vile viitwavyo ndizi, vilivyopakwa dhahabu, vyenye ala ya plastiki na tumbo nene linalobana tunduni. Alivijaribu kwanza kwenye spika yake, akamwita Melenaite kutoka jikoni, mikono ina tui.

"Chomoa."

"Vimetoka kabla sijavuta."

Akayapanua matumbo kidogo kwa ncha ya kisu. Safari hii vilikwama. Akayabana, akayapanua tena unywele mmoja, mpaka vikashika vikiachwa na kutoka vikiombwa.

Jumamosi iliyofuata, wimbo wa tatu ulipoanza, Kelepi alichomoa vya spika yake mwenyewe. Ikiwa yeye hasikii, dada yake yuko huru kusikia. Alikaa akitazama magurudumu ya mkanda yakizunguka kimya, mikono mapajani, ameridhika kabisa.

Melenaite akaingia anacheka, akashika mlango asianguke.

"Unajua nini kimetokea? Umechomoa ili wifi asikie. Naye kachomoa ili wewe usikie. Nimesimama katikati ya uwanja, hata nzi sikumsikia."

"Nyumba zote mbili?" aliuliza Hopoate, ambaye jembe alikuwa bado hajalirudisha. "Mzee wa watu kaimba peke yake. Miaka yote anangoja kusikika, watoto wake wanamziba mdomo kwa adabu."

Kelepi alijaribu kukunja uso, akashindwa.

Melenaite alivuka uwanja, akarudi. "Anasema leo wimbo huo uuchukue wewe, yeye atauchukua Jumamosi ijayo. Na anasema hivyo vichwa vinatoka vizuri, hata kwa vidole vyake vya baridi yabisi."

"Mwambie aanze yeye. Dada ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyemtangulia kuzaliwa."

"Mkubwa kwa heshima, si kwa miaka. Anajua ninachosema."

Akaurudisha mkanda nyuma hadi mwanzo wa wimbo huo, akaucheza, vya kwake vikiwa bado vimechomolewa, akaenda ukingoni mwa shamba ambako upepo ulikuwa wa kutosha kuifunika sauti. Huko aling'oa magugu ambayo hayakuwa na haraka ya kung'olewa. Alipokadiria kwamba beti zote nne zimekwisha alirudi taratibu, akachomeka. Wimbo wa nne ulikuwa wa wapiga makasia. Baba yake alikuwa akiimba sauti ya juu, na kutoka ng'ambo ya uwanja, dirishani kwa Lesieli, mtu alikuwa akiimba ya pili.