Ngazi za Yatima

Kwenye basi kutoka mtaa wa Nechells nilimsikia binti akimsihi mama mmoja Mkongomani, "Mama mdogo, please, usiambie watu mimi ni yatima." Mama huyo alikuwa amemlea tangu dada yake, mama mzazi wa binti, afariki.

Tulishuka kituo kimoja, sote tukienda kutazama jengo la kale la shule ya hisani. Mama aliona mnara wa kengele na madirisha marefu, akavua viatu mlangoni kama kanisani kwao.

"Ni shule," mwongozaji wa wageni alimwambia. "Ilijengwa kwa ajili ya watoto yatima."

"Nyumba yote hii ya bayatima?" mama akauliza, macho darini.

Binti alizitazama ngazi za mawe, zilizobonyea kwa nyayo za watoto hao.

"Me too," akamwambia mwongozaji. "Mimi ni yatima."